Ng'ambo ya Ua

Ukimwambia mgeni anayejua Kiingereza kwamba unaishi Shanty Town, kwanza anakuonea huruma. Kwa lugha hiyo, jina hilo ni la mtaa wa vibanda vya mabati na maboksi. Halafu unampakia kwenye gari, mnapita Barabara ya Lema chini ya miti mikubwa, anaona nyumba zilivyojificha ndani kabisa ya viwanja, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, na mlinzi kwenye kila geti. Anakugeukia: "Mnatania?" Hatutanii. Moshi ndiyo hivyo.

Wazungu walijenga hapa enzi za ukoloni. Baada yao wakaja wakurugenzi, madaktari wa KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, walimu wa shule ya kimataifa, na wenye kampuni za kupandisha watalii mlimani. Mimi nimekuja juzi tu, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu shirika ninalofanyia kazi linanilipia nyumba. Nisingeiweza kwa mshahara wangu, na ninapenda kulisema hilo mapema kabla hamjaanza kuniita tajiri.

Nisidanganye, maisha ni mazuri. Asubuhi wingu likifunguka, Kibo iko palepale juu ya paa la jirani, nyeupe, utafikiri imeletwa kwa ajili yako. Kuna kivuli na ndege, na usiku unalala kweli. Vitu viwili tu havipo: kelele na genge. Nyanya moja ikipungua jikoni, unawasha gari. Barabarani hatembei mtu ila wanaokuja kazini. Saa kumi na mbili asubuhi wanaingia kutoka Pasua, Njoro na Majengo, na saa kumi na mbili jioni wanatoka. Sisi wenye mtaa tunapita na vioo juu.

Nilikuwa sioni ubaya wowote, mpaka mama alipokuja.

Mama anaishi Uru Shimbwe, kule juu ambako migomba inakaribia msitu. Ukiwa barazani kwangu usiku unaona taa za mlimani, na mojawapo ni ya kwake. Alishuka kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwangu wiki tatu kusubiri daktari amruhusu. Siku ya pili, jicho moja likiwa limefungwa bandeji, akaniuliza:

"Baba, majirani zako ni akina nani?"

Nikamwambia huyu wa kulia ana gari jeupe, wa kushoto ana mbwa wawili.

"Sikukuuliza mifugo yao," akasema.

Ndani ya wiki moja, kwa jicho lile lile moja, alikuwa anawajua wote. Asubuhi alitoa kiti akakaa na mlinzi wetu getini. Kila anayepita anamsalimia, na akisikia lafudhi ya Kichagga basi hapo ni "Shimbonyi" na maswali ya ukoo. Dada wa kazi wa nyumba ya kulia kumbe ni wa Uru pia. Kijana wa bustani wa nyumba ya kushoto amefiwa na baba yake, na ada ya mdogo wake haijalipwa. Na mzee wa ng'ambo ya ua wetu wa nyuma anaumwa, hajatoka chumbani tangu Pasaka.

Yule mzee sikuwahi kumwona. Kati yetu kuna ukuta, juu ya ukuta kuna nyaya za umeme, na upande wao wamepanda maua yanayofunika nyaya ili zisionekane. Nilichokijua kwao ni jenereta tu, kwamba umeme ukikatika linawaka kabla ya letu.

Ijumaa moja nikirudi kazini nikakuta magari yamejaa njia ile ya nyuma. Getini kwao nikaona turubai na viti vya plastiki. Nikamwambia mama, majirani leo wana kipaimara.

"Kipaimara isiyo na muziki?" akasema. Alikuwa ameshajifunga kanga ya pili, chupa ya maziwa mkononi. "Yule mzee amefariki jana usiku. Nakusubiri wewe twende."

Aisee, niliona aibu, halafu nikaona uvivu. Nikaanza kumweleza kwamba huku watu hawaendi hivihivi, kwamba kuna utaratibu, pengine kwanza tutume ujumbe. Mama akaniangalia kwa lile jicho moja mpaka nikavaa viatu.

Kijijini unaingia msibani bila kubisha hodi. Hapa tulibonyeza kengele, tukaulizwa majina, tukasubiri. Mjane alikuwa amekaa sebuleni na wanawe waliotoka Dar. Mama akampa mkono, akakaa chini mkekani. Hakusema lolote kwa muda mrefu. Baadaye yule mama akatuuliza kwa upole sisi ni wa wapi.

"Wa hapa nyuma," nikasema. "Ng'ambo ya ua."

"Ile nyumba ina watu?" akashangaa kweli. "Miaka yote hii nilijua ni ofisi."

Mazishi yalikuwa Jumanne, Machame. Ndipo nikagundua jambo ambalo labda wengine mnalijua siku nyingi. Tunaishi Shanty Town, lakini kwenye viwanja vyetu hivi hatuziki. Mchagga akifa hapa anapandishwa kwao, anawekwa kwenye kihamba, kati ya migomba, karibu na baba yake. Tunalipa fedha nyingi kuishi mahali ambapo hatuna mpango wa kubaki.

Usiku ule nilimuuliza mama kwa nini alihangaika na watu asiowajua. Hakunipa methali. Alinikumbusha mfongo wa kwetu. Maji yanatoka juu, yanapita mashambani kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Ukigombana na aliye juu yako, kahawa yako inakauka. Ukimdharau aliye chini, siku ya kuzibua mfereji hutamwona. Kahawa ile, iliyouzwa kupitia chama cha ushirika, ndiyo iliyonisomesha. Kwa hiyo hata mimi hapa nilipo nililipiwa ada na majirani.

Hapo nikaelewa kilichonisumbua. Shanty Town si mahali pa watu wabaya. Ni mahali ambapo hakuna anayemhitaji jirani. Kila mtu ana tangi lake, jenereta lake, mlinzi wake na gari lake la kuwahi hospitali. Huo ndio utajiri wenyewe, nyumba kubwa ni mapambo tu. Nami nilikuwa nimeuzoea haraka sana. Kwetu mpaka wa kihamba ni masale, majani yale yale ambayo mtu akikukosea anakuletea kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Sasa kwenye ukuta wenye umeme utachuma nini umpelekee mwenzio?

Mama aliondoka daktari alipomruhusu tu. Nilimwomba abaki. Akasema mbuzi hawana wa kuwakatia majani. Hakuongeza neno, na hakuwa na haja. Mimi ni kitinda mimba. Kwa mila yetu nyumba ile ni yangu, na mwenye jukumu la kukata majani yale ni mimi. Wakati huo nilikuwa naweka akiba ya kununua kiwanja hukuhuku chini, na alijua.

Kiwanja sijanunua. Nyumba kule juu pia sijajenga, na bado nalala Shanty Town. Ila Jumamosi moja nilipanda Uru siku ya kuzibua mfongo, nikiwa na jembe jipya kutoka dukani. Wazee waliliangalia, wakaniangalia, wakafungua daftari. Miaka yangu ya kutofika ilikuwa imeandikwa yote. Faini ikawa madebe mawili ya mbege. Nililipa, na Jumatatu kazini nilishindwa kushika kalamu kwa malengelenge.