Glavu za Perchta

Ukitazama picha za Český Krumlov, mji mdogo wa kusini mwa Bohemia, nchini Cheki, unaona mapaa mekundu, mto Vltava ukijipinda kama nyoka, na ngome juu ya jabali. Eti mahali pa fungate. Mimi kila nikiziona hukumbuka ndoa ya Perchta.

Ukoo wa Rosenberg uliirithi ngome hiyo mwaka 1302. Nembo yao ilikuwa waridi jekundu la petali tano, na kwa miaka 300 waridi hilo liliogopwa hata na wafalme. Karne ya 15, mkuu wa ukoo alikuwa mzee Oldřich. Huyu alijua nguvu ya karatasi. Alighushi hati za kale ili kuongeza haki na mali za ukoo wake. Naam, hati feki, na hapo hakuna kompyuta wala broka.

Mwaka 1449 akamwoza bintiye, Perchta, kwa Jan wa Liechtenstein. Kwao, upande wa bibi harusi ndio uliotoa mahari. Oldřich aliahidi pesa, kisha akachelewa kulipa. Sasa hilo deni lilimwangukia nani? Perchta. Nyumbani kwa mumewe alidharauliwa na kunyimwa mahitaji, akawa anawaandikia baba na kaka zake akiwasihi wamsaidie. Barua hizo zipo hadi leo.

Alifariki 1476. Baadaye masimulizi yakamgeuza kuwa Bibi Mweupe, mzimu wa ngome. Akitokea na glavu nyeupe, kuna heri. Nyeusi, jiandae kwa msiba. Hapo ndipo mimi huchemka. Alipokuwa hai akieleza shida zake waziwazi, alisubirishwa miaka. Alipokufa, watu wakaanza kuzisoma glavu zake.

Na ule ukoo? Petr Vok, Rosenberg wa mwisho, alimuuzia Kaisari Rudolf II mji na ngome mwaka 1602, akafa 1611 bila mtoto. Wakaja Eggenberg, wakaja Schwarzenberg, na 1947 serikali ikachukua. Tangu 1992 mji uko kwenye orodha ya UNESCO.

Mali ambayo Oldřich alidanganya ili kuilinda ilishapita mikono mingi. Karatasi zake leo zinatajwa kama mfano wa ulaghai. Za bintiye, zilizojaa malalamiko ya nyumbani, ndizo wanahistoria wanazoziamini.