Studio ya nyumbani: zuia sauti kabla fundi hajapiga plasta

Haya, leo tuache kidogo mambo ya kodi na seva. Miezi hii nimekuwa saidia-fundi. Tunajenga nyumba Nchiru, karibu na barabara ya Meru kwenda Maua, upande uleule wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na chumba kimoja cha nyumba hiyo ni studio ya muziki ya mdogo wangu. Yeye hurekodi kwaya na bendi za vijana. Wateja wake huja jioni wakishatoka shambani na kazini, na kazi huendelea hadi usiku wa manane.

Sasa tatizo ni hili. Mita 6 kutoka ukuta wa studio kuna dirisha la chumba anacholala Mama. Mama ana presha, daktari amemsisitizia usingizi, na ikifika saa mbili usiku taa yake imezimwa. Mdogo wangu naye amesema wazi kwamba asipoweza kufanya kazi usiku hapa atahamia Nairobi. Kwa hiyo tukizungumzia mawe na milango, tunazungumzia pia nani atabaki kwenye boma hili.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutajenga kwa kubahatisha. Kanuni za kudhibiti kelele nchini Kenya, zilizotolewa 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 35 katika makazi ya watu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Seti ya ngoma ikipigwa vizuri ndani ya chumba hufika 100 na kupita. Ukitoa, unabaki na desibeli 65 za kupoteza njiani. Kumbuka desibeli hazihesabiki kama shilingi: kila 10 unazopunguza, nguvu ya sauti inagawanywa kwa 10. Desibeli 65 ni kugawanya nguvu hiyo zaidi ya mara milioni tatu!

Je, trei za mayai zitafanya kazi hiyo? Hapana. Najua umeziona zimebandikwa kwenye studio nyingi za mitaani, lakini trei haina uzito, na sauti inapita humo kama upepo kwenye wavu. Sponji na mapazia yana kazi yake, ila ni kazi nyingine: kupunguza mwangwi ndani ya chumba. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alipewa ukumbi ambao neno moja lilikuwa likizunguka kwa zaidi ya sekunde 5. Alibeba mito ya viti usiku baada ya usiku, akapima kila mto unapunguza mwangwi kiasi gani. Mito ilimfaa kwa sababu shida yake ilikuwa sauti iliyobaki ndani. Shida yetu sisi ni sauti inayotoka.

Ya kutoka huzuiwa na mambo matatu: uzito, kuziba kila upenyo, na kutenganisha.

Uzito tunao. Ukuta wa mawe wa sentimita 20, ukipigwa plasta pande zote mbili, unaweza kukata desibeli 50 hivi. Plasta si urembo hapa. Mawe yetu yana vitundu, na viungo vya saruji huwa na nyufa ambazo huzioni mpaka uwashe tochi upande wa pili. Nikamwomba fundi ajaze kila kiungo mpaka ndani, siyo kupaka juu juu. Mzee akanitazama, akacheka: "Kijana yangu, hiki ni chumba cha nyimbo ama ni benki?"

Kuziba ndiko watu wengi wanakodharau, na hapa ndugu zangu wa kompyuta mtanielewa haraka. Seva yenye milango elfu iliyofungwa na mmoja ulio wazi ni seva iliyo wazi. Chukua mlango wa upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2. Chini yake acha nafasi ya sentimita 1 tu, ile ya kawaida. Nafasi hiyo ni nusu ya asilimia moja ya eneo la mlango. Piga logi na utaona kwamba mlango huo, hata ukiwa wa chuma cha kifaru, hauwezi kukata zaidi ya desibeli 23. Ukuta umekata 50, mlango 23, basi Mama atasikia mlango.

Ndiyo maana tuliweka milango miwili ya mbao nzito, yenye kijichumba kidogo katikati, na kizingiti chini ya kila mmoja. Pembeni tumezungusha mpira wa milango ya magari, ule wanaouza wenye vipuri pale Meru mjini. Studio haina dirisha hata moja. Soketi za umeme hatukuziweka kwenye ukuta unaotazama kwa Mama, na kila bomba la nyaya limezibwa mdomo. Haya yote ni rahisi kabla ya plasta. Baada ya plasta ni nyundo na kilio.

Paa ndilo lililotuumiza kichwa. Mvua za hapa za Oktoba hadi Desemba si za mchezo, na mabati yakianza kuimba hakuna maikrofoni itakayosikia mwimbaji. Suluhisho ni slabu ya zege ya sentimita 15 juu ya chumba hicho kimoja, kisha mabati yapite juu yake. Lakini pesa za slabu zilikuwa ndizo pesa za vigae vya nyumba nzima. Tukakaa kikao, kila mtu na hoja yake, hadi Mama akauliza, "Vigae vitanisaidia kulala?" Kikao kikaisha. Sasa hivi sakafu yetu ni ya saruji na tunaishi vizuri tu.

(Fundi alipendekeza tangi la maji likae juu ya slabu hiyo, kwa kuwa ina nguvu. Nikakataa. Maji yakimwagika ndani ya tangi yanapiga zege moja kwa moja, na zege husafirisha mtikisiko vizuri sana. Tangi lina mnara wake.)

Kuhusu hewa: chumba kilichozibwa hivi kikiwa na wanakwaya kumi na wawili kitakuwa jiko. Tumejenga njia mbili za hewa, ya kuingia na ya kutoka, kila moja ikiwa sanduku la mbao lenye kona nne, lililotandikwa ndani pamba ya fiba. Hewa hukata kona bila shida. Sauti hugonga kila kona na kuchoka.

Slabu ilikaa siku zake 28, milango ikafungwa, na wiki iliyopita tukafanya jaribio saa tatu usiku. Mdogo wangu alipiga ngoma, kisha gitaa la besi, mimi nikiwa nimeketi kwa Mama. Ngoma ndogo na matoazi: kimya kabisa. Besi ilisikika kwa mbali. Mama alisema ni kama mtu anatwanga kwa jirani wa tatu.

Hilo lina sababu yake. Kila ukishuka nusu ya mtetemo, ukuta hupoteza kama desibeli 6 za uwezo wake. Noti ya herzi 50 ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko chumba chenyewe, na wimbi kama hilo halijali sana ukuta mmoja. Hapo ndipo jambo la tatu, kutenganisha, linapoingia: ukuta wa pili wa ndani, wa fremu na jipsamu tabaka mbili, usiogusa ule wa mawe popote, na sakafu ya mbao inayokalia mpira. Tuliacha sentimita 20 kila upande kwenye ramani kwa kazi hiyo.

Pesa yake bado hatuna. Kwa sasa makubaliano ya boma ni haya: sauti za kwaya hata usiku wa manane, besi mwisho saa mbili. Mdogo wangu hajafunga virago.