Kasese Hadi Mpondwe: Siku ya Gulio

Kasese, magharibi mwa Uganda, huamka na joto. Saa moja asubuhi jua limeshashika mabati ya soko, na upande wa magharibi Rwenzori imejifunika mawingu. Kilele cha Margherita, mita 5,109, huonekana kwa bahati tu. Mimi mtu wa pwani nimezoea joto lenye upepo wa bahari. Hili la hapa ni kavu, lina vumbi na harufu ya mkaa na vitunguu vinavyokaangwa. Nimeketi kwenye benchi la mama lishe nakula katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, mchuzi mzito. "Wabukire," ananiamkia kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, kisha anahamia Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo na kunikatia parachichi nisiloliagiza.

Ukizunguka sokoni, mlima wote umeshuka hapo. Ndizi na kahawa zimetoka juu kwenye ubaridi, mahindi na mihogo bondeni, samaki aina ya ngege katika maziwa ya George na Edward, na chumvi ya Katwe imelundikwa chini, ya kijivu na yenye mabonge. Mwendo wa nusu siku tu unakutoa kwenye joto la ziwa hadi kwenye ukungu wa migomba. Shamba la chini likikauka, la juu huenda bado lina kitu, na karibu kila mtu ana shangazi au shemeji huko.

Mwaka 2020 ujamaa huo ulikuwa na kazi kubwa. Machi, kwa ajili ya korona, usafiri wa abiria ulipigwa marufuku Uganda nzima na magulio yakasimamishwa. Msaada wa serikali wa kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage kwa kila mtu ulianzia Kampala na Wakiso, mbali na huku. Bodaboda hazikuruhusiwa kupakia abiria ila mizigo, basi mikungu ya ndizi ikakaa mahali pa abiria. Kisha tarehe 7 Mei mito ikafurika: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, Lhubiriha. Maji yaliingia hospitali ya Kilembe, yakabeba nyumba na mashamba. Shule zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona zikawa makazi ya waliohamishwa. Wengine wakapokewa na jamaa, vyungu vya watu sita vikapikia kumi na zaidi. Nimesimama darajani Nyamwamba nikatazama mawe ambayo mto uliyaburura kutoka mlimani. Yamejaa tele, na maji yanapita katikati yake kwa upole usioaminika.

Gari la kwenda Bwera, karibu na Mpondwe, ni dogo, la watu watano, nasi tumo tisa. Goti langu limeegemea kuku wa jirani, na jirani ananigawia njugu tangu Muhokya, mahali ambapo waliokimbia mafuriko walikaa kambini kwa miaka. Kikorongo tunakata kulia. Kinyamaseke mahindi ya kuchoma yanaingizwa dirishani kabla dereva hajafunga breki.

Juu ya barabara hii, mlimani Kyarumba, kuna Bukonzo Joint, ushirika wa wakulima wa kahawa uliokua kutokana na kuweka akiba na kukopeshana. Katika mafunzo yake mume na mke huketi na karatasi moja, wakachora nani analima, nani anauza na pesa inakwenda wapi. Naupenda mpango huu kuliko ghala lolote la msaada, maana mama asiye na sauti juu ya mavuno hawezi kuamua kiasi gani kibaki nyumbani.

Bwera inanukia muhogo uliolowekwa, uchachu unaokaa puani. Umeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Bibi mmoja anaokota kipande, anakivunja karibu na sikio langu: ka! Umekauka. Kinachofuata anajaribu kukivunja, kinapinda kimya kimya, anakirudisha juani.

Mpondwe, mpakani, leo ni Ijumaa, siku ya gulio. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo, na Wanande wa huko na Wakonzo wa huku ni ndugu wa lugha moja. Mawese yanakuja, unga na samaki vinakwenda. Ndoo za kunawa mikono hazikuwa ngeni korona ilipofika. Watu wa hapa walikuwa wamezizoea tangu Ebola ilipovuka mpaka Juni 2019 na kushukiwa kwanza katika hospitali ya Kagando.

Jioni nimekaribishwa obundu, ugali wa muhogo unaovutika, pamoja na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese na ngege mzima. Nikinyanyua mkono, mwenyeji anaongeza. "Wasingya," nashukuru, naye anaongeza tena.

Ukija, chagua Jumanne au Ijumaa, ufike kabla ya saa nne, ubebe mfuko wako na noti ndogo ndogo. Mbegu za maharage za rangi rangi huuzwa na akina mama waliokaa chini, na huisha mapema.