Siku Utakayotafutiwa Jina

Mpwa wangu,

  Mama yako ndiye aliyeniletea habari kwamba umeteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Nimefurahi sana, na dua nimekuombea. Pongezi umeshapata za kutosha, kwa hiyo mimi nakuandikia jambo moja tu, ambalo naogopa hakuna atakayekwambia mapema.

Iko siku mtoto ataumizwa katika shule yako, na mkono utakaomuumiza hautakuwa wako. Utakuwa umesafiri kwenda wilayani, au umo ofisini unajaza fomu. Utaitwa, utamkuta mtoto amevimba, na moyo wako utasema haraka: si mimi. Sijaona binadamu asiye na sauti hiyo. Shule ikifaulisha, mwalimu mkuu husimama mbele na kupigwa picha. Likitokea baya, huanza kutafutwa jina la mtu wa chini. Mkubwa humtaja mwalimu, mwalimu humtaja mtoto kwa utundu wake, na mtoto hana wa kumtaja.

Wewe ulikuwa hujazaliwa mwaka 1976, lakini sisi tuliokuwa watu wazima hatujasahau yaliyotokea Mwanza na Shinyanga. Wazee walikuwa wanauawa kwa tuhuma za uchawi, serikali ikaanzisha msako wa wauaji. Nia ilikuwa kuwalinda wanyonge. Humo humo, baadhi ya waliokamatwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu. Hata hivyo, mwanzoni mwa 1977 alimwandikia Mwalimu Nyerere kujiuzulu, na Mwalimu akakubali.

Najua utaniambia kwamba baadaye alipelekwa kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ndivyo watu wengi wanavyoisimulia, hasa tangu alipofariki Februari 2024: kwamba aliacha uwaziri akapata urais. Mimi sipendi isimuliwe hivyo. Anayejiuzulu huku akipiga hesabu ya malipo anafanya biashara. Siku ile hakuna aliyejua ya 1985, na waliokufa hawakurudi kwa sababu waziri ameondoka. Ninachokithamini ni kwamba familia zile zilipata japo mtu mmoja mwenye cheo aliyesema: limetokea chini yangu. Kwa aliyefiwa hilo si dogo. Mwenye kudhulumiwa akikosa wa kumjibu, hudhulumiwa mara ya pili.

Sasa tazama ofisi yako. Kanuni za shule zetu zimeiweka fimbo mikononi mwa mwalimu mkuu. Mwingine hachapi mpaka umruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kwangu mimi hata hivyo vinne ni vingi, lakini hilo tutajadili ukija. Maana ya kanuni ile ni kwamba kila kiboko kinachopigwa shuleni kwako kina jina lako juu yake. Umeruhusu, au umenyamaza. Kunyamaza kwa mkubwa walio chini huhesabu ruhusa, hata kama wewe hukukusudia hivyo.

Wala usidhani wanaoumiza watoto ni watu wabaya. Ungekuwa na walimu wabaya, kazi ingekuwa nyepesi: ungewajua, ungewakabili. Lakini fikiria mwalimu mpole, mcha Mungu, darasa limefurika, mshahara umekatwa mkopo, jua la saa saba linachoma bati, na mtoto mmoja hajibu anapoulizwa. Fimbo iko mezani, na hakuna atakayeuliza jioni. Mwema huyo akianza kupiga, huenda asijue pa kuachia, kwa sababu hasira anayoitoa haikuletwa na mtoto yule. Ndiyo maana nakusihi uwe muulizaji. Pita madarasani, hasa mchana watu wanapochoka. Mwalimu aliyezidiwa mwondoe darasani kwa upole, apumzike, uchukue kipindi chake. Watu wengi hujizuia vizuri wakijua kuna jicho linalowajali; wachache sana hujizuia wakiwa peke yao.

Na siku hiyo ikifika licha ya yote, usingoje Afisa Elimu Kata. Mpeleke mtoto zahanati wewe mwenyewe. Kisha nenda nyumbani kwao siku hiyo hiyo, usimtume mwalimu wa zamu. Ukikaribishwa, usianze na utundu wa mtoto. Anza na pole. Baba yake akikutolea maneno makali, yapokee. Ukirudi andika taarifa, na jina la kwanza ndani yake liwe lako kabla ya la mwalimu aliyepiga. Huenda ikakugharimu cheo. Utaendelea kuwa mwalimu, na sisi tutaendelea kuwa ndugu zako.

Kitabu cha adhabu ulichokabidhiwa kikague wiki hii. Ukikikuta kitupu huku fimbo zimejaa ofisini, waite walimu wote muongee kabla hujafanya kingine. Kisha niandikie uliyoyakuta.

Mimi mjomba wako.