Kuutafuta Ukoo Wetu, Toka Shinyanga Hata Geita

Wako watu wasemao ya kuwa kuwahesabu mababu ni kazi ya wazee wasio na shughuli. Sisi nasi tulisema hivyo zamani, tulipokuwa vijana, tukiwafundisha watoto wa watu kuhesabu kila kitu isipokuwa wazazi wao. Siku hizi hatusemi tena, na sababu yake ndiyo tunayotaka kuwaeleza ndugu wasomaji.

Kijana mmoja wa nyumba yetu, mwana wa mdogo wetu, huku Shinyanga, alipata mchumba upande wa Geita. Msichana ni mwenye adabu, na wazazi wake ni wakulima kama sisi. Barua ya posa ilikwisha pelekwa, ikajibiwa kwa wema. Lakini washenga waliporudi walileta neno lililotutia mashaka. Wazee wa msichana walisema kwamba asili yao si Geita. Walihamia huko toka Shinyanga, toka kilima kile kile kilicho nyuma ya itongo letu, nao humtaja babu yule yule tunayemtaja sisi. Na kwa desturi ya nyumba yetu, watu wanaomtaja babu mmoja hawaoani. Mzee wa kanisa akatuambia, "Mwalimu, kabla hatujawatangaza hawa mbele ya watu, tuambie: ni ndugu, au si ndugu?" Tukapewa majuma manne.

Majina ya jamaa hatuyaandiki hapa, kwa heshima yao. Yatosha kumwita babu huyo Mzee wa Itongo. Aliishi kabla ya Wadachi hawajaitawala nchi, akalima mtama na uwele, akafuga, akazikwa penye mahame yaliyozungukwa na minyaa. Mwaka 1974, tulipohamishiwa katika vijiji, watu walitoka pale na kuyaacha makaburi. Minyaa ilibaki, nayo mpaka leo yaonyesha mahali pa boma. Baadaye sisi tulirudi kulima mahali hapo, na ng'ombe wetu hula katika ngitili iliyo kando yake.

Tulipoanza kazi hii tuliwaonea wivu wakulima wa Marekani. Katika nchi za katikati ya Marekani, kama Ohio na Iowa, mjukuu akitaka kuwajua wakulima wa karne ya 19 waliomzaa, huenda kwenye vitabu. Serikali yao imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu mwaka 1790. Tena kwa sheria ya mwaka 1862 mkulima aliweza kupewa eka 160 za nchi, akikaa juu yake na kuilima muda wa miaka 5, na hati za mashamba hayo zimetunzwa. Jamaa nyingi pia ziliandika siku za kuzaliwa na za kufa katika kurasa za Biblia ya nyumbani. Walakini hata wao wana mapengo. Kabla ya hesabu ya mwaka 1850 aliyeandikwa jina lake ni mkuu wa nyumba tu; mke na watoto walihesabiwa kama vile vikapu vya nafaka, bila majina. Na vitabu vya hesabu ya mwaka 1890, karibu vyote vilipotea, kwa maana viliharibiwa na moto uliotokea Washington mwaka 1921, na mabaki yake yakateketezwa baadaye.

Sisi je, vitabu vyetu vi wapi? Kitabu cha ubatizo kilitupa jina la baba yetu na jina la babu yetu aliyebatizwa uzeeni, kisha kikanyamaza. Majina yenyewe husema kidogo. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndiye aliyewafuata mapacha, na Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Lakini jina la namna hiyo hutwambia jinsi mtu alivyozaliwa, halitwambii alizaliwa na nani. Tukawauliza wazee wengi, na kila mmoja akatupa babu wake, wala hawakupatana.

Ndipo mzee mmoja, jirani yetu, akatucheka, akasema, "Mwalimu, wewe wauliza habari za watu. Uliza habari za ng'ombe."

Neno lake lilikuwa kweli. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa huwajua ng'ombe wa mahari mmoja mmoja: yule mwekundu alitoka kwa mjomba fulani, akaenda kumwolea mke fulani, na ndama wake akarudi siku ya arusi ya shangazi. Wala si ajabu, kwa sababu katika desturi ya Usukuma mahari ndiyo yaliyoamua mtoto ni wa nani. Mwanamume aliyetoa ng'ombe, watoto walikuwa wa ukoo wake; asiyetoa, watoto walihesabiwa upande wa mama yao. Bwana Hans Cory, aliyeandika sheria na desturi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, alizieleza ndoa hizo za namna mbili. Kwa hiyo zizi lilikuwa daftari letu.

Basi tukawafuata ng'ombe, tukirudi nyuma. Tukaona ya kuwa Mzee wa Itongo alikuwa na wana wawili wanaume. Mmoja ndiye babu yetu. Wa pili ndiye babu wa wale waliohamia Geita. Kila mmoja alitolewa na mzee ng'ombe 14 za kuolea, sawasawa, bila kupunguka hata ndama. Moyo ukatuanguka. Ng'ombe walikuwa wamesema: hawa ni ndugu, na vijana wetu hawawezi kuoana.

Lakini tulitaka kujua hao ng'ombe wenyewe walitoka wapi, kwa sababu karibu na mwaka 1891 sotoka ilifika nchi za Ziwa, ikaua ng'ombe wengi mno, hata mazizi yakabaki matupu. Huo ndio moto uliochoma daftari letu, karibu na miaka ile ile ya hesabu ya Wamarekani iliyopotea. Ng'ombe walipokwisha, malisho yaligeuka pori, na pori likaleta mbung'o. Hata katika miaka ya 1920 watu wa Shinyanga walikusanyika kwa maelfu kulifyeka, wakiongozwa na Bwana Swynnerton. Sasa mtu aliyebaki na zizi tupu alipataje ng'ombe 28 kwa wanawe wawili? Jirani yetu akajibu neno moja tu: "Majembe."

Zamani majembe ya Usukuma yalitoka kwa Warongo, wafua chuma wa Uzinza, katika nchi ambayo leo ni ya Geita na majirani zake. Mtu alichukua nafaka, akaenda kwa miguu siku nyingi, akarudi na majembe. Majembe yakanunua mbuzi, na mbuzi wakanunua ng'ombe. "Habari za safari hiyo," alisema jirani, "ziko kwa shangazi yako aliyeko Geita. Nenda upesi, maana umri wake umepita miaka 90."

Tukaondoka. Zamani tulipokwenda Geita kwa njia ya Mwanza tulikingoja kivuko kwa saa nyingi. Safari hii tulipita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililofunguliwa mwaka 2025. Nchi ya Geita ina habari nyingi za dhahabu. Wadachi waliiona karibu na mwaka 1898. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, na ule mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Lakini ndugu zetu hawakuifuata dhahabu. Walifuata shamba. Tangu mwaka 1947 serikali ilikuwa na mpango wa maendeleo ya Usukuma, na kwa mpango huo nchi ya Geita ilifunguliwa kwa watu waliobanwa katika nchi za zamani. Ndugu hao wakaja kulima pamba. Vijana waliotukuta tukiuliza habari za makaburi yao walitutazama kwa mashaka. Mmoja akatuuliza, "Mzee, watafuta fidia?" Tukamjibu, "La, mjukuu wetu, twatafuta babu." Akacheka, asiamini.

Shangazi tulimkuta ameketi kivulini. Yeye ni binti wa yule mwana wa pili, na macho yake hayaoni tena. Akatushika mkono, akaupapasa, akauliza, "Wewe ni wa nani?" Tukamtajia baba na babu. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, nilijua ya kuwa siku moja mtu wa nyumba ile atakuja kuuliza. Baba alinikataza kusema hili mbele ya watu. Lakini wewe umeuliza, nami naondoka karibu."

Akatusimulia. Baada ya sotoka, Mzee wa Itongo alichukua mizigo ya mtama, akaenda kwa Warongo pamoja na wenziwe. Njiani walikuta njaa. Mwanamke mmoja akawasimamisha, akiwa na mtoto wa kiume apataye miaka mitano. Hakuomba chakula cha bure. Alisema, "Mchukueni huyu, nipeni mtama, nikawaponye wale wadogo." Mzee akampa mzigo mmoja. Akarudi nyumbani na majembe begani, na mtoto nyuma yake. Wakati huo mkewe alikuwa na mtoto wake mwenyewe, anyonyaye. Watoto hao wawili walilelewa pamoja, wakala chungu kimoja, wakaitwa wana wa mtu mmoja.

Tukauliza, "Shangazi, yule aliyeletwa ndiye babu yako?" Akasema, "La, mwanangu. Ndiye wako."

Usiku ule hatukulala. Twakiri mbele ya wasomaji ya kuwa jambo la kwanza tulilolifikiri halikuwa kheri ya vijana, bali aibu yetu. Tangu utoto tulisikia kwamba sisi ndio shina, na wale wa Geita ni matawi yaliyokatika. Kumbe shina ni wao! Tena tuliliogopa neno la shamba, kwa maana itongo na ngitili tunayoishika ilikuwa ya mzee yule, na wenye damu yake wako Geita. Tukinyamaza, vijana wawili watatengwa kwa sababu ya damu isiyokuwako. Tukisema, huenda jina la baba yetu likashuka, na shamba likaulizwa. Asubuhi shangazi, kama mtu aliyesikia mawazo yetu, akatuambia, "Hatutakuja kudai shamba. Aliyebaki akalinda kaburi la baba ndiye mwenye kulima hapo."

Tulirudi, tukawakusanya wazee wa pande zote mbili, tukasema yote. Kimya kikawa kirefu. Kaka yetu mkubwa akasimama kwa hasira, akasema, "Umetuvua nguo mbele ya wakwe." Hatukuwa na la kumjibu, kwa maana ndivyo alivyoona.

Ndipo jirani yetu, yule wa ng'ombe, akasema, "Kaa, ndugu yangu. Hakuna aliyekuvua nguo. Mtu hamtolei mtumwa ng'ombe 14 sawasawa na mwanawe. Mzee alikuwa na wana wawili. Mmoja alizaliwa nyumbani, na mmoja aliletwa. Hilo lilikwisha amriwa na mwenye zizi, nani wetu awezaye kulitengua?"

Mzee mmoja wa Geita akauliza, "Basi kama ni wana wawili, hawa vijana ni ndugu, na arusi hakuna?"

Wakazungumza mpaka jua likapinduka. Mwisho wakapatana hivi: kwa damu hawa si ndugu, basi hakuna kizuizi, bali kwa malezi nyumba hizi ni moja, wala ndoa isifanywe kuwa ushahidi wa kumtoa mtu katika nyumba iliyomlea. Wakaweka sharti mbili. Ya kwanza, asionekane mtu ye yote, hata katika ugomvi, kulitamka neno "alinunuliwa". Ya pili, juu ya ng'ombe wa mahari liongezwe jembe moja, lirudi Geita lilikotoka. Kaka yetu alinyamaza tu. Lakini siku ya kupeleka mahari, jembe lile alilichukua yeye mwenyewe. Vijana walitangazwa kanisani, na baada ya mavuno wakaoana.

Sasa tunacho kitabu kidogo cha ukoo. Mzee wa Itongo yuko juu, na chini yake wana wake wawili, kwa mistari iliyo sawa. Chini ya jina la mkewe tumemwandika mwana mmoja. Kando ya yule wa pili tumeacha nafasi tupu, tukaandika: "Mama yake alimtoa ili wadogo zake wapone." Jina lake hatulijui, wala hatujui kama wale wadogo walipona. Kila tukikifungua kitabu, macho yetu hayaendi kwa mzee mwenye zizi, bali kwa nafasi ile.

Basi, ndugu wasomaji, kama nyumbani kwenu yuko bibi au shangazi aliyebaki, msingoje posa iwalazimishe. Chukueni daftari la senti chache, mkaketi naye kivulini. Muulizeni ng'ombe walitoka wapi, na majembe yalitoka wapi. Zaidi ya hayo muulizeni majina ya akina mama, kwa kuwa hayo ndiyo yapoteayo kwanza. Na mkiambiwa neno msilolipenda, liandikeni vile vile lilivyo.