Tutunzeje Kumbukumbu za Nyumba Zetu?

Mali ya nyumba ni ya namna mbili. Ipo ile ambayo ikipotea twaweza kuinunua tena tukijaliwa kupata fedha: kitanda, redio, baiskeli, hata kompyuta yenyewe. Na ipo ile ambayo hakuna duka liiuzalo. Picha ya mama alipokuwa msichana, sauti ya babu akiwataja wazee wake mmoja mmoja, hatua za kwanza za mtoto; vitu hivi vikitoweka, vimetoweka. Nasi siku hizi karibu vyote tumevitia ndani ya simu, yaani ndani ya kitu ambacho mwizi aweza kukichomoa mfukoni kwa kufumba na kufumbua.

Jambo hili lilinifika mwenyewe pale ndugu zangu waliponikabidhi kanda 14 za kaseti. Marehemu baba yetu alizirekodi katika miaka ya 1980, akisimulia asili ya ukoo wetu, mipaka ya mashamba, na nani alimwoa binti wa nani. Nilizihamishia kwenye kompyuta kwa waya uliotoka katika tundu la kusikilizia la redio kaseti. Kazi ilipokwisha likazuka swali lililo kubwa zaidi: tuziweke wapi, pamoja na picha za watu watano wa nyumba yangu, ili wajukuu nao wapate kuzisikia?

Binti yangu, ambaye anasomea mambo ya kompyuta, alikuwa na jibu tayari. "Baba, tununue sanduku la hifadhi," alisema. Akanieleza kuwa ni kisanduku chenye diski mbili ndani, kiunganishwacho kwa waya na ile ruta igawayo intaneti nyumbani. Kila mtu akirudi jioni, simu yake hupeleka picha za siku ile humo bila kuombwa. Mama yake hakukubali upesi. Alisema fedha za sanduku na diski zake zingeezeka banda la kuku, na kwamba diski mbili za kubebeka, zile zichomekwazo kwenye kompyuta, zatosha.

Wote wawili walikuwa na hoja, nami niliona kwamba kabla ya kuchagua chombo hapana budi tuhesabu kwanza tulicho nacho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kanda ya dakika 60, ikihifadhiwa bila kubanwa, huchukua kama megabaiti 600; hivyo kanda zote 14 hazikufika gigabaiti 9. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja na picha za zamani tulizozitolea nakala havikufika gigabaiti 2. Kilichosalia, karibu gigabaiti 500, kilikuwa picha na video za simu, na nyingi ni vichekesho tulivyotumiwa na jamaa. Kumbe kile kisichorudi kilikuwa kidogo mno, chaweza kuenea katika kadi iliyo sawa na ukucha! Mtu akilijua hilo, hatatishwa tena na bei za dukani.

Jambo la pili lahusu zile diski mbili za sanduku. Muuzaji atakuambia kuwa kila kiingiacho katika diski ya kwanza huandikwa na katika ya pili, kama uso na kioo, kwa hiyo huna la kuogopa. Maneno yake ni ya kweli nusu. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza jinsi diski nyingi za bei nafuu ziwezavyo kushirikiana mahali pa diski moja kubwa ya ghali, na kioo kilikuwa mojawapo ya njia za kuzuia kifo cha diski moja kisiangamize vyote. Kioo chamkinga mtu na kifo cha diski moja tu. Mtoto akifuta picha kwa bahati mbaya, zafutika pande zote mbili papo hapo. Radi ikipiga, mwizi akiingia, au moto ukiwaka, diski zote mbili huenda pamoja. Isitoshe, Januari 2022 masanduku ya namna hii yaliyoachwa wazi kwa intaneti yalishambuliwa na programu ya kiharamia iitwayo Deadbolt. Majalada yalifungwa na wenyewe wakadaiwa fedha ili wafunguliwe.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya kompyuta. Mahindi ya kula yaliwekwa ghalani, lakini ya mbegu yalitundikwa darini juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu. Ghala likiingiliwa, mbegu ilibaki. Kanuni ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kwa wenzake yasema karibu neno lilo hilo: kila kitu cha thamani kiwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ilale nje ya nyumba.

Wapo wanaouliza, kwa nini tusiweke vyote katika hifadhi za mtandaoni? Ni njia nzuri kwa vitu vichache. Lakini kampuni ya Google, iliyokuwa ikihifadhi picha bila kikomo na bila malipo, iliusimamisha mpango huo Juni 1, 2021. Sasa mtu hupewa gigabaiti 15, na zaidi ya hapo hulipa. Kadhalika, kupandisha gigabaiti 500 kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9, usiku na mchana. Mwenye kununua intaneti kwa vifurushi vidogo ajipime kwanza.

Tulipokuwa tumefika hapo, mke wangu aliuliza swali lililotunyamazisha. "Na siku wewe usipokuwapo, nani atafungua?" Nilitafakari sana. Baba yetu alituachia kanda, na yeyote mwenye redio kaseti aliweza kumsikia. Sisi tungeweza kuwaachia watoto kisanduku chenye kufuli ambalo ufunguo wake umezikwa kichwani mwa marehemu.

Basi tuliamua hivi. Kwa kuwa tu watu watano wenye simu, tulinunua sanduku, nalo hutunza picha za kila siku, pamoja na matoleo ya nyuma ya siku 30 ili kilichofutwa kiweze kurudishwa. Halikufunguliwa njia ya kufikiwa kutoka nje. Tulilinunulia na betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, majalada huweza kuharibika. Sanduku letu hula kama wati 20, yaani uniti 14 hivi za LUKU kwa mwezi. Vile visivyorudi, pamoja na picha tulizozichagua, vimo pia katika diski mbili za kubebeka: moja iko kabatini, nyingine iko Morogoro kwa dada yangu, na kila miezi mitatu hubadilishana. Neno la siri na maelezo ya kufungua yameandikwa kwa mkono katika bahasha mbili. Moja anayo mke wangu, nyingine anayo dada.

Kila diski ikirudi kutoka Morogoro, mmoja wetu huichomeka katika kompyuta nyingine na kusikiliza kanda moja. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Safari iliyopita ilikuwa zamu ya kijana wetu mdogo, wa darasa la sita, naye alifungua mwenyewe kwa kufuata bahasha.

Ndugu msomaji, nyumba yenye simu moja au mbili haihitaji sanduku. Diski mbili za kubebeka, moja ikilala kwa jamaa unayemwamini, ni mwanzo mwema. Anza na hesabu ya kile kisichorudi, kisha mwonyeshe mwenzako jinsi ya kukifungua. Fanya hivyo wiki hii, simu ikiwa bado iko mkononi.