Karata na Hesabu za Watoto Wetu

Tunajua wengine wenu mtashtuka kukuta neno karata katika gazeti la familia ya Kikristo. Hata sisi tulishtuka lilipotajwa mara ya kwanza katika kikao chetu, sisi akina mama tunaojitolea kukaa na watoto kila Jumamosi kanisani kwetu hapa Morogoro. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho ndipo mtuhukumu.

Jambo lenyewe lilianzia tumboni. Baadhi yetu ni wauguzi, na tulimfahamu binti mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa akiletwa zahanati mara kwa mara na mama yake, akilia tumbo. (Mama huyo ametukubalia tuyaandike haya, mradi tusitaje jina.) Alipimwa choo, akapimwa mkojo, akapimwa malaria. Hakuonekana na kitu. Homa hana, hatapiki, chakula anakula, uzito haujapungua. Muuguzi aliyekaa kazini miaka mingi hujifunza kuuliza swali jingine: linauma siku gani? Mama akafikiri kidogo, akasema ni asubuhi, tena siku zile ambazo hesabu ni kipindi cha kwanza. Mtoto aliyekosa jibu ubaoni alikuwa akisimamishwa mbele ya wenzake mpaka kipindi kiishe.

Mama mwenzetu, maumivu ya namna hii si uongo wa mtoto. Hofu hukaza tumbo kweli kweli, na kumchapa kwa sababu "anajisingizia" ni kuongeza hofu juu ya hofu. Lakini tusieleweke vibaya. Tumbo linaloambatana na homa, kutapika, damu katika choo au kukonda, hilo mpeleke hospitali mara moja, usianze kuuliza habari za hesabu.

Jumamosi iliyofuata tulimwuliza taratibu, nane ukijumlisha na tano ni ngapi. Akaficha mikono chini ya meza. Tuliona midomo yake ikichezacheza: moja, mbili, tatu, mpaka nane, halafu tano nyingine, halafu yote tena tangu mwanzo. Akipotea katikati, anaanza upya. Kuhesabu kwa vidole si kosa, watoto wote hupitia hapo. Shida ni kwamba mtoto wa darasa la tatu anapewa 48 jumlisha 25, na kabla hajafika kwenye makumi amekwisha choka na ile nane na tano. Alichokosa si akili. Alikosa kuyarudia mambo yale madogo mara nyingi, mahali ambapo hakuna wa kumcheka.

Mama yake hukaanga vitumbua, na shule aliiacha darasa la nne. Akatuambia, "Mimi nitamfundisha nini, wakati hata mimi nilizikimbia hizo hesabu?"

Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliposema kuwa wanawe walijua kujumlisha kwa kucheza karata jikoni, yeye akipika. Kikao kikanyamaza. Kisha zikaja hoja, na kubwa kuliko zote ilitoka kwa baba wa yule binti mwenyewe. Kaka yake mkubwa alicheza karata za fedha. Iliondoka baiskeli, likafuata shamba waliloachiwa na marehemu baba yao. Akasema, karata haitaingia katika nyumba yangu.

Hatukumdharau hata kidogo. Anayeishi mjini siku hizi anaona mwenyewe vijana walivyozizunguka mashine zinazomeza sarafu, na wengine wanavyokesha na simu wakibeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza walio chini ya miaka 18 kushiriki, ila sote tunajua watoto wanachungulia. Kwa hiyo tulikwenda nyumbani kwake tukiwa na mzee mmoja wa kanisa, tukakaa, tukanywa chai, tukazungumza.

Tulimweleza kwamba kilichomla kaka yake ni ile fedha iliyowekwa mezani. Ukiiondoa, kinachobaki ni vipande vya karatasi vyenye namba. Mzee wetu, ambaye hupenda historia, akaongeza kwamba hata majina ya karata, yaani kopa, uru, pau na shupaza, yana asili ya Kireno, na neno karata lenyewe pia, tangu enzi za Wareno pwani yetu. Baba alimsikiliza kwa heshima, lakini tuliona Wareno hawakumgusa. Aliyemgusa ni mke wake aliposema kwa sauti ndogo, "Baba Fulani, mtoto anaumwa kwa ajili ya nane na tano."

Akakubali kwa masharti. Kisiwekwe kitu chochote cha kushindania, hata punje ya karanga. Wasicheze nje ya nyumba. Mama awe amekaa nao. Na zisiwe karata za dukani.

Sharti hilo la mwisho lilitufaa kuliko tulivyotarajia. Pakiti ya dukani ina karata 52, na ukiondoa 12 zenye picha za watu zinabaki 40, yaani ree, ambayo ungeihesabu kuwa moja, mpaka kumi, kila namba mara nne. Sisi tulikata maboksi ya sabuni vipande 40 vinavyolingana, na watoto wenyewe wakachora maharage: karata ya saba ina namba 7 na maharage saba. Maharage hayo ni muhimu, msiyaache. Mtoto ambaye bado hajazoea huyagusa kwa kidole, moja moja. Baada ya wiki chache utamwona haguswi tena na haja ya kuhesabu yote. Anaanza na saba, anaendelea, nane, tisa. Usimharakishe kufika hapo.

Mchezo wa kwanza tuliuita Kumi. Unaweka pembeni zile kumi nne, zinabaki karata 36. Panga tisa zikiwa wazi juu ya mkeka. Kila mtoto kwa zamu achukue mbili zinazofanya kumi, akisema kwa sauti, "Sita na nne, kumi." Nafasi zijazwe kutoka kwenye fungu. Kama hakuna jozi, ongezeni karata moja mpaka ipatikane. Uzuri wake ni kwamba mwisho zinatoka jozi 18 bila kubaki hata karata moja. Zikibaki, mtu amekosea: aliyechukua sita na tatu atasababisha ibaki nne na saba. Kosa linajitangaza lenyewe, na mama hahitaji kuwa mwalimu. Mwanzoni tulikuwa na wasiwasi juu ya yule mama wa vitumbua, lakini alikuwa wa kwanza kuligundua hili.

Mtoto akizijua jozi za kumi, nane na tano inakuwa nyepesi. Nane inataka mbili ili iwe kumi, zichukue kwenye tano, zinabaki tatu, jibu 13. Tulimwonyesha binti kwa maharage mara moja tu. Mengine aliyafanya mchezo.

Wa pili tuliuita Nani Zaidi. Karata zote 40 zinagawiwa wawili, 20 kwa 20. Kila mmoja anafunua mbili, anajumlisha kwa sauti, mwenye jumla kubwa anachukua zote nne. Zikilingana, kila mmoja anarudisha zake pembeni. Duru kumi zinaisha haraka, na mtoto amesikia majibu 20. Mpe daftari lenye maswali 20 uone atakavyonuna. Kwa mdogo wake wa miaka mitano walitumia karata za moja hadi tano tu, naye akajiona mtu mzima.

Watagombana, tusidanganyane. Mkubwa atataka kumjibia mdogo. Mwambie asubiri mpaka aombwe. Aliyeshindwa atalia. Sisi tuliona robo saa inatosha, wakati mboga iko jikoni, na mkiacha wakati bado wanataka, kesho watazileta wenyewe.

Haikuwa ajabu ya siku moja. Mwezi wa kwanza tumbo lilimwuma bado mara mbili tatu. Pia tulimwomba mama aende kwa mwalimu wa hesabu, bila ugomvi, amweleze habari ya kusimamishwa mbele. Alikwenda, na mwalimu akamsikiliza. Mwezi wa tatu kadi yake ya zahanati ilikuwa haijafunguliwa kwa wiki saba. Mama siku hizi humwachia ahesabu fedha za vitumbua jioni, kisha naye huzihesabu kando kimya kimya, na mara nyingi wanakubaliana.

Baba alikaa mbali muda mrefu, akisikiliza redio. Kisha siku moja akaja kuhakikisha kwamba hakuna cha kushindania, akakaa. Sasa wana mchezo wao wa tatu, ambao sisi hatukuwafundisha: mwisho kila mmoja hujumlisha karata alizopata, kisha wanaunganisha. Moja mpaka kumi ni 55, mara nne ni 220, kwa hiyo lazima zitimie 220. Jioni moja tulipopita kuwasalimu walikuwa wamepata 213, baba amekunja uso, anarudia kuhesabu mara ya pili. Binti alikuwa akitazama juu, midomo haichezi, mikono juu ya mkeka.

"Baba, imepotea ya saba," akasema.

Mdogo wake alikuwa ameikalia.